Upepo Hulifuata Jua: Farasi wa Kendwa, Kaskazi hadi Vuli

Nimerudi Tanga wiki iliyopita. Haya nimeyaandika kutoka kwenye daftari langu la safari na picha zilizomo kwenye kadi, na si safari moja mfululizo. Nilikwenda Unguja kila msimu ulipogeuka, kwa sababu nilitaka kuwapiga picha farasi wale wale, ufukwe ule ule wa Kendwa, kaskazini mwa Unguja, nione mwaka unawafanya nini. Silipwi kwa kazi hii. Nina duka, nina kamera moja na lenzi mbili, ndefu ya milimita 70-200 na fupi ya 35, na farasi nawapenda kuliko mnyama mwingine yeyote wa kupigwa picha.

Unguja farasi ni wachache, na wengi wao hubeba wageni ufukweni. Picha zao zinazozagaa karibu zote ni za jua la kuchwa mwezi wa Januari. Ni nzuri, lakini mwaka una miezi mingine.

KASKAZI

*Alhamisi na Ijumaa, Januari*

Basi la Tanga kwenda Dar es Salaam lilikula siku nzima, hakuna la kusimulia. Nililala kwa shangazi Ilala, alfajiri nikateremka bandarini. Boti ya saa moja asubuhi, daraja la kawaida, nililipa 30,000. Kitambulisho kiwe mkononi, wanakitazama kweli. Baada ya saa mbili hivi tulikuwa Malindi, bandari ya Unguja.

Mjini nilikunywa urojo wa 2,500, kisha nikapanda gari namba 116 la Nungwi. Mizigo hupakiwa juu, na konda alipoliona begi langu akasema, "Dada, hilo lipakate, barabara ina matuta." Mama aliyekaa ubavuni mwangu alisogeza kapu lake la samaki ili begi lipate nafasi, akalishikilia kwa mkono mmoja mpaka aliposhuka Mahonda. Hatukujuana hata jina.

Njiani gari hupita Mtoni, na mpenzi wa farasi asipite hapo amelala. Kasri la Mtoni ndiko alikozaliwa Seyyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, mwaka 1844, na watoto wa jumba lile walifundishwa kupanda wanyama tangu utotoni. Leo yamebaki magofu kando ya bahari. Nilikwenda kuyatazama siku ya kurudi, na ukisimama uani unaona wazi jinsi mahali palivyokuwa pana.

Kwa anayekwenda: mwambie konda akushushe njia panda ya Kendwa, usisubiri Nungwi mwisho. Hapo bodaboda hadi pwani nililipa 2,000. Kama huna haraka tembea, ni mteremko.

*Jumamosi*

Zizi liko nyuma ya ufukwe, limeezekwa makuti, upepo unapita pande zote. Mwenyewe alinikubalia kwa sharti moja, nisimpige picha mgeni yeyote bila ridhaa yake. Mtunza farasi, mzee wa Nungwi ambaye vijana wote pale humwita Babu, alikuwa na masharti yake mwenyewe.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Usimjie kwa nyuma. Usimwashie taa ya kamera. Na kabla hujapiga, mtazame masikio."

Asubuhi yote nilikaa kwenye gogo nikitazama masikio. Farasi ana macho ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya paji la uso. Anayemtokea kwa nyuma anamshtua. Njia nzuri ni kumjia upande wa bega la kushoto, ukiongea polepole. Masikio yakisimama mbele, amevutiwa na kitu na uso wote unachangamka. Yakilala nyuma na kubana kichwani, amekasirika, ondoka. Picha ya farasi ambayo masikio yameelekea nyuma humfanya aonekane mkali au mgonjwa, hata kama mwanga ni wa ajabu. Kijana mmoja wa zizi alinisaidia kwa kutikisa kopo lenye punje za mahindi. Masikio yakapanda mara moja.

Lenzi nayo ina neno. Ukimkaribia farasi kwa lenzi fupi, pua inakuwa kubwa na miguu ya nyuma inasinyaa. Rudi nyuma hatua nyingi, tumia lenzi ndefu, mwili unarudi kwenye vipimo vyake.

Jioni walitoka saa kumi na moja na nusu. Januari jua linazama kama saa 12:45, kwa hiyo muda upo. Walianza kwa kutembea, wakaingia mwendo wa matiti, mbio za polepole, na mwisho vijana wawili wakawapiga shoti, mbio kali, wenyewe bila wageni. Kwa shoti niliweka kasi ya kamera 1/1250 ya sekunde. Chini ya hapo kwato zinafifia.

Wakati wa kubonyeza ni somo lenyewe. Kabla ya 1878 wachoraji wengi walimchora farasi anayekimbia miguu ya mbele imetupwa mbele na ya nyuma imetupwa nyuma, tumbo likielea. Mwaka huo, Palo Alto huko California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, kila moja ikifyatuliwa na uzi uliokatwa na farasi akipita. Picha zikaonyesha kwamba kweli kuna nukta ambayo miguu yote minne iko hewani, lakini ni ile ambayo imekunjwa chini ya tumbo. Nikiwa nimepiga magoti Kendwa, nilikuwa naisubiri nukta ile ile. Inapita haraka mno kwa jicho, lakini sikio linaisaidia, kwa sababu vishindo vya kwato huja mfululizo kisha kimya kidogo, na hewani ni pale kwenye kimya.

*Jumapili*

Hapa ndipo nilipoanza kuandika lile jambo lililonirudisha misimu mingine yote. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki. Farasi akielekea kaskazini, upepo unampiga usoni na singa zote za shingo zinarudi nyuma, shingo inaonekana yote. Akigeuka kusini, singa zinamfunika macho. Basi unataka akielekea kaskazini. Lakini Januari jua linazama kusini ya magharibi, na farasi anayeelekea kaskazini analigeuzia kisogo. Uso wake uko kivulini.

Nilimweleza Babu. Alifikiri kidogo, akasema, "Kusi nayo ni hivyo hivyo, kinyume chake." Na ni kweli, ukifikiri. Julai jua limekwenda upande wa kaskazini na upepo unatoka kusini. Upepo wa misimu hulifuata jua, mwaka mzima. Anayepiga picha kwenye ufukwe unaotazama magharibi hawezi kupata vyote viwili jioni, upepo usoni na jua usoni.

Jioni ile niliamua kulitumia jua la kisogoni. Nilipima mwanga wa anga, nikamwacha farasi awe mweusi kabisa, ukingo wa singa tu unawaka dhahabu. Farasi mweusi na wa kahawia walifaa. Mweupe hakufaa, anataka mwanga wa mbele.

MASIKA

*Ijumaa, Aprili*

Mvua ilianza Bububu na haikukoma. Karibu na Kinyasini gari likagoma, abiria wote tukashuka. Nilisimama chini ya upenu wa nyumba moja, begi la kamera nimelifunika kwa kanga, na mlango ukafunguliwa. Bi Mkubwa wa makamo, tongo za usingizi bado machoni, akaniambia, "Ingia ndani, mwanangu, upenu huo unavuja." Akanipa chai ya mchaichai na mkate wa kumimina uliobaki wa asubuhi. Nikamwonyesha farasi wa Januari kwenye kioo cha kamera. Aliwatazama mmoja mmoja, akaniuliza wanakula nini, wanalala vipi, wanaumwa nini. Yeye amezoea ng'ombe wa gari, alisema, na ng'ombe ukimjua sauti yake unajua shida yake. Nilipotaka kumpa pesa alinikunjia mkono. Nilikaa kwake mpaka gari jingine lilipopita, kama saa moja na nusu.

Kwa anayekwenda masika: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, kwa hiyo usitegemee kuipata ya kufunikia kamera. Shona kifuniko cha kitambaa kisichopitisha maji kabla hujaondoka. Beba na kitambaa cha pamba cha kufutia lenzi, viwe viwili, kwa sababu kimoja kitalowa. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi nusu saa kabla ya kuitoa, la sivyo kioo kinapata ukungu.

*Jumamosi*

Nyumba ya wageni Nungwi, iliyokuwa 45,000 Januari, sasa 25,000. Hoteli kadhaa za pwani zimefungwa mpaka Juni. Farasi hawana kazi nyingi, na kwangu hii ndiyo zawadi ya masika. Hawavai tandiko, hawana lijamu, kile chuma cha mdomoni, wanakula majani chini ya minazi, na manyoya yao yanang'aa.

Mwanga wa mawingu ni rafiki wa farasi mweusi. Juani, mwili wake mweusi na mchanga mweupe havikai picha moja, kimoja lazima kipotee. Chini ya wingu zito nilipata macho yake, kope zake, hata mishipa ya shavuni. Niliongeza mwanga kidogo kuliko kamera ilivyotaka, na tundu la lenzi nikalifungua f/4.

Babu alikuwa akisafisha kwato, moja baada ya nyingine, kwa kijiti cha chuma. Masika kwato hulainika kwa unyevu, na uchafu ukikaa ndani huoza na kunuka. Alifanya hivyo asubuhi na jioni. Nilimpiga picha akiwa ameinama, kwato mapajani mwake, na farasi amemwekea mdomo mgongoni. Nimeipenda picha hii kuliko zote za mwaka.

Saa kumi na moja jioni akawaingiza wote ndani. Nilishangaa, maana mvua ilikuwa imekatika na anga limefunguka. Akanieleza kwamba baada ya mvua wadudu wadogo wanaouma huamka magharibi, na hao ndio wanaoambukiza maradhi ya farasi ya Afrika. Farasi akiyapata mara nyingi hufa. Punda huyastahimili. Kuna chanjo, na wake wamechanjwa, lakini haachi mnyama nje magharibi wala alfajiri wakati huu. "Jua la kuchwa utalipata kiangazi," aliniambia.

*Jumapili*

Mvua kutwa. Nililala, nikala wali wa nazi na changu wa kuchoma, 7,000, nikarudi mjini.

KIPUPWE

*Alhamisi, Julai*

Kusi imeshika. Boti ilipotoka nje ya mlango wa bandari ilianza kuinuka na kushuka, na wahudumu wakagawa mifuko. Kaa daraja la chini, nyuma kidogo ya katikati, huko inayumba kidogo. Kula kitu kikavu kabla, usipande na tumbo tupu. Kijana wa Kipemba aliyekaa mbele yangu alimbeba mtoto wa mama mmoja aliyezidiwa, akamtembeza ukumbini mpaka tulipofika.

*Ijumaa na Jumamosi*

Kendwa asubuhi kuna ubaridi, na farasi wamebadilika. Januari walikuwa wakitembea kichwa chini kutafuta kivuli. Sasa wanachezacheza, wanainua mikia, wanaumana shingo. Kama una siku chache tu mwakani za kupiga farasi Unguja, nenda kipupwe. Kaskazi ina rangi, lakini kipupwe mnyama mwenyewe yuko hai.

Saa moja asubuhi huteremshwa baharini kuoga. Upande huu wa magharibi kusi haipigi moja kwa moja, maji yametulia. Farasi mweupe alipotoka majini niliona jambo ambalo nilikuwa nalisikia tu. Farasi wengi tunaowaita weupe ngozi yao ni nyeusi, huzaliwa na manyoya ya giza kisha hung'aa kadiri wanavyokua. Manyoya yakilowa yanalala, na weusi wa ngozi unaonekana chini yake, hasa usoni na kwenye magoti. Akawa kama amepakwa moshi. Jua lilikuwa linatoka nyuma yangu, juu ya minazi, na kwa muda mfupi nilipata mwanga wa mbele bila kivuli kikali. Jumamosi ilikuwa ya kupiga kutoka upande mmoja tu, wa kusini, nikiwasubiri waje wakielekea upepo.

*Jumapili*

Nilihamia Paje, pwani ya mashariki, kwa ajili ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Kutoka Nungwi unarudi mjini, kisha Mwanakwerekwe unapanda gari la 324 la Bwejuu. Jumla yote nililipa kama 6,000.

Njia inapita msitu wa Jozani. Kwa mtu wa Tanga hapa kuna fahari. Zamani Unguja ilikuwa na ndorobo, nzi wanaonyonya damu ya wanyama, na Jozani ilikuwa moja ya maskani yao. Walieneza nagana, maradhi ya ng'ombe ambayo huwapata hata farasi. Katikati ya miaka ya 1990 madume ya ndorobo yalifugwa kwetu Tanga, yakapigwa mionzi ili yasizalishe, yakamwagwa kwa ndege juu ya kisiwa. Majike yalipopandwa na madume hayo hayakuzaa. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa haina ndorobo tena. Nilimsimulia dereva, akaizima redio ili asikie vizuri, na abiria wa nyuma wakaanza kuuliza maswali. Mzee mmoja aliikumbuka ile ndege ikipita chini chini juu ya mashamba.

*Jumatatu*

Hapa pana hesabu ambayo kila mpiga picha wa pwani aijue. Unguja, bamvua ikiwa kamili, maji hujaa kama saa kumi na hukupwa kabisa kama saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, maji yasipojaa wala kupwa sana, hesabu inageuka, maji yanakuwa juu saa nne. Kwa hiyo anayetaka farasi juu ya kioo cha maji Paje aende mwezi mwandamo au mwezi mpevu, afike saa tatu asubuhi, atembee na maji yanavyorudi nyuma. Upande wa mashariki maji hukupwa mbali sana, yanabaki madimbwi ya kina cha kidole, yametulia.

Farasi wawili walikuja na vijana wao. Nililala kifudifudi, lenzi karibu iguse maji, na farasi wa kahawia akapita akiwa wawili, mmoja juu na mmoja chini. Kasi 1/800, tundu f/8 ili vyote viwili viwe wazi.

Kina mama wa mwani walikuwa kazini pale pale. Kilimo hiki kimekuwepo pwani hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wao wamechoshwa na kamera. Weka kamera begani, salimia kwanza, omba. Waliponiambia hapana, nilishukuru. Baadaye mmoja aliniita, "Dada wa farasi, pita huku, huko pana mashimo na vikamba vyetu," akanitembeza kwa mkono hadi mchanga mgumu, na vijana wa farasi wakamfuata njia ile ile. Mchana pweza wa nazi na muhogo, 8,000.

VULI

*Ijumaa, Novemba*

Nilichapisha picha mjini kabla ya kupanda 116, karatasi kubwa 5,000 moja. Kinyasini niliteremka nikampelekea Bi Mkubwa yake, ile ya Babu na kwato. Aliniwekea sahani ya shelisheli bila kuniuliza kama nina njaa.

*Jumamosi*

Vuli iko baina ya pepo mbili. Kusi imekwisha, kaskazi haijashika, wenyeji huita maleleji. Singa zimelala, hakuna upande wa kukwepa, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nilimpiga farasi jioni akiwa na jua usoni na shingo wazi. Mawingu makubwa ya mvua ya mchana yalikuwa yamesimama juu ya kisiwa cha Tumbatu. Angalizo moja, Novemba jua linazama kama saa 12:15, nusu saa kabla ya Januari, kwa hiyo uwe ufukweni saa kumi na moja kamili.

*Jumapili*

Babu alizipanga picha zote za mwaka juu ya mkeka, akavaa miwani. Zile nilizozipenda kwa ukali wake, kichwa kimetupwa juu, mdomo wazi, povu, alizitenga upande. "Huyu lijamu linamuuma. Huyu kachoka, tazama pua. Huyu mgeni kamvuta hatamu." Akaendelea hivyo, moja moja, bila kunilaumu na bila kuharakisha. Alizobakisha zilikuwa za asubuhi ya kipupwe, za masika, na chache za shoti ambazo masikio yapo mbele na kinywa kimefungwa. Ya farasi mweusi chini ya wingu aliomba aitundike zizini.

Zile alizozitenga sikuziweka hapa. Zilizobaki nimeziandikia msimu, saa na hali ya maji, ili anayetaka kwenda ajue afike lini. Tiketi ya boti ya Jumapili jioni kateni tangu Ijumaa, watu huwa wengi.